Chumba cha Wasiofika Kilo

Tulimzika Sista Raheli Jumamosi iliyopita, upepo wa Iramba ukivuma kama unavyovuma kila mwezi wa saba, ukipeperusha karatasi za wasemaji. Hotuba zilikuwa saba. Nilizihesabu kwa sababu magoti yangu siku hizi hayataki kusimama. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpole. Mpole! Ilibidi nijifunike uso kwa mtandio, watu wakadhani nalia. Mwingine alisema alikuwa mtu wa sala, na hilo kweli, ila alisali harakaharaka huku akifunga vifungo vya gauni la kazi. Watatu walitaja miaka aliyoitumikia hospitali, na kila mmoja alikuwa na miaka yake. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitabu chake. Mimi niliyekijua sikuombwa kusema, wala sikunyoosha mkono, ndiyo maana nina hasira mpaka leo, na hasira yenyewe ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Baada ya maziko tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa tukila wali na nyama. Pembeni yangu aliketi daktari kijana, binti wa watu kutoka Singida mjini, aliyemjua marehemu kwa jina tu. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia, tukaanza kuongea. Akaniambia anafanya utafiti juu ya watoto njiti, wale wanaozaliwa miezi mingi kabla ya siku zao. Si kuwahudumia wodini tu, bali kuwafuatilia wakisharudi nyumbani, mwaka hadi mwaka, kuona kama wanatembea, wanaona, wanasikia, wanaiweza shule. "Ni jambo jipya huku kwetu, bibi," akasema. Nikaweka kijiko chini. "Mwanangu," nikamwambia, "huyo uliyetoka kumtupia udongo sasa hivi alilifanya jambo hilo mama yako akiwa bado ananyonya." Akaacha kutafuna. Aliniuliza maswali mpaka wali ukapoa, na mwisho akanisihi, "Andika, bibi. Ukiondoka nalo nitakulaumu." Haya, naandika. Sitaanza na ukoo wetu wala na mahali kitovu changu kilipozikwa. Mwaka ninaousema ni mmoja tu, mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini, ambao ulikuwa pia mwaka wa njaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ukunga katika hospitali moja ya misheni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kiomboi.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kilikaa katikati ya wodi ya wazazi na jiko, na ukuta wake mmoja ulipakana na dohani, kwa hiyo tangu asubuhi mpishi alipowasha kuni ukuta ule ulikuwa na uvuguvugu wa kupendeza. Sista Raheli aliuona uvuguvugu huo siku alipoingia kutafuta foronya, na kesho yake mashuka yalihamishwa bila mtu kuulizwa. Ndani kulikuwa na masanduku matatu ya mbao yaliyokuja na sabuni, yamejazwa pamba ya bondeni iliyofunikwa kitambaa. Chupa za dawa zilizotiwa maji ya moto na kuvikwa soksi. Jiko moja la mafuta ya taa lenye birika juu yake, mvuke ukitoka mchana kutwa. Na kipimajoto kilichoning'inia kwenye msumari. Dirisha halikufunguliwa. Ukitoka mle kwenda uani mwezi wa sita, baridi ilikupiga kofi. Sisi wanafunzi tuligombania zamu ya chumba kile kwa sababu ya joto, si kwa sababu ya huruma, nisiwadanganye. Watoto waliolala mle walikuwa wadogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilipoonyeshwa mmoja niligeuza uso. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba, unaona mishipa ikipita, masikio yamelala kama majani mabichi. Sista Raheli aligeuza kichwa changu kwa mkono wake akakirudisha. "Mtazame," alisema. "Yeye hajafanya kosa lolote."

Hospitali nyingine wakati ule mtoto asiyefika kilo moja alifunikwa kitambaa na kuachiwa Mungu. Yeye alimwachia Mungu pia, ila alimsaidia Mungu kazi. Maziwa ya mama yalikamuliwa kwenye kikombe kilichochemshwa, yakapitishwa kwenye mpira mwembamba ulioingia puani hadi tumboni, kijiko kimoja cha chai kila baada ya saa mbili, kisha kimoja na nusu, na ole wako uongeze bila kuambiwa. Mizani ilikuwa ya jikoni, yenye sahani ya bati, na kila asubuhi kabla ya mtoto kuwekwa juu yake Sista aliijaribu kwanza kwa jiwe la nusu kilo, kwa maana alisema mizani nayo huamka vibaya kama watu. Halafu aliandika. Kitabu chake kilikuwa kirefu, jalada jeusi, mstari mmoja kwa mtoto mmoja: uzito, miezi ya mimba, jina la mama na kitongoji chake. Mstari haukuishia siku ya kutoka hospitali. Mkono wa kulia wa ukurasa kulikuwa na nafasi za siku arobaini, mwaka mmoja, miaka mitatu, na mtoto akisharudi kwao Sista alimfuata, au alitutuma sisi tumfuate. Je, anakaa? Ukipiga makofi nyuma yake, anageuka? Anaufuata mwanga? Anamwita mama yake? Nilimuuliza siku moja faida ya taabu yote hiyo, mtoto kishapona. Akanijibu bila kuinua macho, "Nitajuaje kama nimempa uhai au nimempa mateso, nikiishia mlangoni?" Sijasikia mganga mkubwa wala mdogo akijiuliza swali hilo kwa sauti kama alivyojiuliza yeye.

Akina mama wodini hawakukipenda kitabu. Ukuta ulikuwa mwembamba na maneno yao tuliyasikia tukinyonyesha kwa mpira. "Anawapima watoto kama karanga za ushirika," alisema mmoja. "Na kuwaandika!" akaitikia mwenzake. "Mtu anahesabu vikombe vya uji, hahesabu watoto." Mimi niliyajua hayo toka utotoni. Huku kwetu, Mnyiramba au Mnyaturu, mzee hakuambii ana ng'ombe wangapi, na bibi hakuambii ana wajukuu wangapi. Ukimuuliza anatazama pembeni, anasema wapo, wapo kiasi. Kukihesabu kitu ni kukionyesha njia ya kutokea. Sista Raheli, Mnyiramba halisi, naye alilijua hilo. Kwa hiyo alipokwenda majumbani hakutoa kitabu wala kalamu. Alikaa chini, akala alichopewa, mlenda ama maziwa ya mgando, akamchezea mtoto, akaaga. Aliandika akisharudi. Alituagiza nasi tufanye vivyo hivyo, pamoja na sharti moja: mtoto uliyemwona, andika ulivyomwona, kaburi uliloonyeshwa, andika amefariki, asiyeonekana, andika hakuonekana, tutamtafuta tena. Sharti jepesi, hata ng'ombe angelielewa. Mimi nikalivunja.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Alinituma bonde la Wembere kumtafuta mtoto aitwaye Zaina, aliyetoka chumbani kwetu miaka mitatu nyuma. Alizaliwa chini ya kilo. Katika wote waliozaliwa chini ya uzito ule, wawili tu walikuwa wametoka hospitali wazima, na mmoja wa hao wawili alishakufa kwa surua. Sista alisimama mwenyewe kwenye kaburi lake. Alibaki Zaina. Nikateremka na lori la ushirika, kumbe tembe lao lilikuwa limebomolewa na familia imehamishiwa kijiji kipya chini ya mteremko, nyumba za miti na nyasi zimepangwa mstari. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyenipeleka. Sikujua kwamba wiki chache kabla mtu huyohuyo alisimamia mgambo walipoezua paa la bibi yake Zaina. Sasa jiweke mahali pa bibi huyo: unamwona balozi anakuja tena, na safari hii kaandamana na msichana mwenye gauni jeupe na viatu, daftari kifuani, kalamu mfukoni. Nilibaki nimesimama. Nikatoa kalamu. Nikauliza, "Mtoto Zaina yuko wapi?" Bibi, jina lake Bibi Hadija, akanitazama kutoka kiatu hadi kofia. "Huyo mtoto hakuna," akasema. Balozi akasema, "Basi, umesikia." Jua lilikuwa kali, lori linageuza saa tisa, na viatu vilikuwa vinanibana. Sikuuliza kaburi. Niliporudi niliandika neno moja kwenye mstari wa Zaina: amefariki. Sista alilisoma, akafunga kitabu polepole. Jioni ile hakula.

Mwezi wa saba akaletwa Elisifa. Msichana kama mimi, ujauzito wa kwanza, miezi sita na siku kadhaa, amechoka kwa kutembea na kwa njaa. Alijifungua mchana, na mtoto, wa kiume, akalia kwa sauti ndogo sana ambayo mpishi upande wa pili wa ukuta alidhani ni mlango. Mizani ikasema robo tatu ya kilo na kidogo juu yake. Siku ya nne alikuwa hai bado, na siku hiyo Daktari akaingia. Sitamsema vibaya. Alikuwa kijana wetu wenyewe, Mtanzania wa kwanza kushika hospitali ile, ana wodi imejaa watoto waliovimba miguu kwa njaa, na mafuta ya taa yanakuja debe moja mahali pa madebe manne. Alisimama mlangoni kwa kuwa chumba hakikumtosha. "Sista," akasema, "jiko hili nalihitaji kuchemshia vyombo vya upasuaji. Jana nimempasua mama kwa vyombo nilivyovitilia shaka. Wale wakubwa wa kilo na nusu, wawekeni ukutani kwenye dohani. Wa chini ya kilo aende nyumbani na mama yake." Sista akamwambia huyu akienda nyumbani hamalizi siku. Daktari akajifuta uso. "Na akikaa? Una kitabu, si ndiyo? Nionyeshe mmoja. Mmoja tu aliyezaliwa chini ya kilo katika nyumba hii, ambaye leo anatembea. Nikimwona huyo, mafuta nitayapata hata kwa kuomba." Nilijua Sista Raheli atapigana. Nilikwisha kumwona akibishana na maaskofu. Alikichukua kitabu, akafunua, akapitisha kidole, na kidole kikasimama kwenye neno langu. "Hayupo," akasema. Akainama, akazima jiko, akalibeba mwenyewe kwa mikono miwili akalitoa nje. Hakuomba ila kitu kimoja, kwamba Elisifa abaki hadi Ijumaa, maana hata wa kufa asifie njiani. Daktari akakubali.

Jioni ile tulikula jikoni, mimi na Sista, ugali wa ule unga wa njano wa msaada na mlenda usio na karanga. Ugali ule ulikuwa na harufu ya gunia. Sista alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa Elisifa, ngozi kwa ngozi, kwa khanga mbili, kama wachungaji wetu wanavyombeba mwanakondoo wa masika ndani ya shati, na wanawake wa wodini, walewale wasemaji, walikuwa wameanza kupokezana kuchota maji ya moto kwenye sufuria la mpishi. Nikasema, "Sista, sikuliona kaburi." Akaendelea kutafuna. "Kaburi gani?" "La Zaina. Bibi yake alisema hakuna, nami nikaandika." Jamani, nilitamani anipige. Aliweka tonge lake ukingoni mwa sahani, akaosha mkono, akaupangusa kidole baada ya kidole. "Uliingia na kalamu?" "Ndiyo." "Ukiwa umesimama?" "Ndiyo, Sista." "Na balozi?" Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kwa muda wa kutosha, kisha akasukuma sahani yake mbele yangu. "Kula na hii. Leo ni Jumanne. Lori la ushirika linateremka kesho alfajiri. Bondeni hakuendeki na njaa." Nikamuuliza, na kama mtoto amekufa kweli? "Basi utaniletea hilo," akasema. "Ila safari hii uwe umeliona."

Nilikwenda na khanga na ndala, bila karatasi. Kwa balozi sikupita. Bibi Hadija nilimkuta nje anapeta uwele kidogo aliokuwa nao, nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kinyiramba kama alivyonifundisha nyanya yangu, nikachukua ungo wa pili nikaanza kupeta bila kuombwa. Tulipeta kitambo. Kutoka nyuma ya nyumba akaja mtoto wa kike, tumbo mbele, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, akaniangalia kwa macho makali akataka punje. Umri ulilingana. "Mjukuu?" nikauliza. "Wa jirani," akasema bibi. Mtoto akachuchumaa mbele yangu, na kwenye kisigino chake cha kushoto nikaona kovu la kung'aa, la duara, ambalo wakati ule halikuniambia kitu. Sikuweza kuvumilia. "Bibi," nikasema, "mimi ndiye niliyekuja na daftari. Niliandika kwamba mjukuu wako amekufa." Nilidhani atanifukuza kwa mchi. Alicheka! "Umefanya vema," akasema. "Aliyekufa hahamishwi. Aliyekufa haandikiwi shamba la kijiji. Mwache afe hivyohivyo kwenye karatasi zenu, huku anakula."

Ndipo nikamweleza habari za Elisifa. Sikupamba. Nikamwambia kuna mtoto kule juu mwenye uzito kama aliokuwa nao Zaina, na jiko lake limetolewa kwa sababu kitabu kinasema hakuna aliyepona, na neno lenyewe ni langu. Bibi akaacha kupeta. "Mama yake ni wa wapi?" Nikasema wa Ndago, simjui ukoo. "Hata mimi simjui," akasema. Upepo ukachukua makapi. Mimi nikaendelea kupeta. Baadaye bibi akasema, kama anaongea na ungo, "Sisi tulipokuwa mle chumbani, yule Sista alikuwa analala kwenye kiti. Siku kumi na moja nilimwona kwenye kiti." Akainuka akaingia ndani, akatoka na khanga ya safari. "Sikubali kuandikwa," akaniambia. "Nitakwenda aonwe tu." Tulimbeba Zaina kwa zamu kupanda mlima, maana lori la kurudi lilikuwa limekwisha kupita, na tulilala kwa dada yake bibi katikati ya njia, tukala viazi vikavu na chumvi. Nilikuwa sijawahi kumwogopa na kumpenda mtu kwa pamoja kama nilivyomwogopa na kumpenda yule bibi katika siku mbili hizo.

Tuliingia hospitali Alhamisi alasiri. Niliingia chumbani mbio nikiwa sijanawa. Elisifa alikuwa ameegemea ukuta wa dohani, macho mekundu, na Sista mbele yake ameshika mpira. "Yupo?" nikauliza. "Yupo," akasema Sista. Kisha akamwona Zaina nyuma ya miguu yangu. Mimi nilimjua mwanamke yule kuwa wa chuma, lakini ilibidi Elisifa amshikie kikombe cha maziwa. Daktari akaitwa. Akaja na glavu mfukoni, akachuchumaa, akampigia Zaina makofi nyuma ya kichwa, mtoto akageuka. Akamwonyesha kalamu, mtoto akaifuata kwa macho na akajaribu kuinyakua. Akamwambia tembea, akatembea na mguu wake. "Watoto wanafanana, Sista," akasema taratibu. "Nitajuaje kama ni yeye?" Sista akafungua kitabu kwenye mstari wa Zaina. Chini ya uzito, kwa herufi zake za kusimama, palikuwa na maneno haya: chupa imemuunguza kisigino cha kushoto, soksi ilichomoka, kosa ni langu, R. Mimi nilikuwa nimeupita mstari ule mara ngapi bila kuusoma, kwa kuwa nilikuwa nasoma uzito tu! Daktari akamshika Zaina mguu, akakiona kisigino, akakipitishia kidole gumba. Mtu mwingine angeficha kosa lile. Angalilificha, tusingalikuwa na ushahidi wowote ila maneno ya bibi mmoja na mwanafunzi aliyekwisha kuandika uongo.

Daktari, labda kwa kutaka kumtuliza bibi, akamuuliza, "Bibi, una wajukuu wangapi?" Nikafumba macho. Wodi nzima ilikuwa imejaa mlangoni. Bibi Hadija akamtazama, akamtazama Elisifa na kile kivimbe kidogo kifuani pake, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha Zaina. "Mmoja," akasema. "Huyu. Si ulitaka mmoja? Wengine usiniulize." Daktari hakucheka. Aliinuka, akasema, "Ahsante, bibi," akatoka. Sista akamtazama bibi, bibi akaitikia kwa kichwa, ndipo Sista akanipa kalamu. Nikadhani nifute, akanishika mkono. Nikaamriwa kupiga mstari mmoja juu ya neno langu, liendelee kusomeka, na pembeni niandike hai, anaona, anasikia, anaburuta mguu wa kushoto, nimekosea mimi, Naomi. Mguu nao! Nilisema tuuache, umeshapatikana ushindi. "Mguu ni wake," akanijibu. "Na aliyefanya nisijue kama ni chupa au ni kuzaliwa mapema ni mimi. Andika."

Mtoto wa Elisifa alitoka hospitali mvua za kwanza zilipoanza, ana kilo mbili na robo, wodi nzima inapiga vigelegele. Siku ya arobaini nilimwona, mwaka mmoja nilimwona, miaka mitatu nilimwona; alichelewa kusema, na alipoanza hakunyamaza. Waliokuja baada yake si wote walioishi. Wengi walikufa, na mistari yao ninaikumbuka, na Sista aliandika kila mmoja kwa mwandiko uleule. Yule daktari kijana pale msibani aliponiuliza kitabu kiko wapi nilishindwa kumjibu, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko hotuba. Lakini alasiri ile ya Alhamisi nataka niieleze mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo niliyomnyima Sista pale makaburini.

Hatukukaa sana. Tulisikia viatu ukumbini, vinakwenda kwa kusuasua, na Daktari akatokea amebeba lile jiko kwa mkono mmoja na debe la mafuta kwa mwingine, koti lake jeupe limelowa mafuta upande mzima. Hakumtuma mtu. Akaliweka mahali pake, akaliwasha, akaharibu viberiti vitatu kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akanawa hadi kwenye viwiko, akasimama mbele ya Sista Raheli kama tulivyosimama sisi wanafunzi. "Nionyeshe mnavyomlisha," akasema. Sista akamkalisha kwenye kile kiti chake, akampa mpira na kijiko. "Usiminye. Acha yateremke yenyewe. Polepole, Daktari, huyo si ndama." Yakateremka. Ilichukua muda mrefu, birika likaanza kuimba, na Daktari hakuinua macho hata mara moja mpaka kijiko kikaisha. Alipotaka kuinuka, Elisifa, ambaye tangu siku ile ya kwanza hakuwahi kumtazama usoni wala kufungua kinywa mbele yake, akamfunika mtoto khanga na kumwambia, "Anakula kila saa mbili. Usichelewe."